Kushona vazi la kuogelea nyumbani: kila kitu lazima kivutike

Ukilitandaza mezani vazi la kuogelea la kipande kimoja, utaona lina sehemu mbili kubwa tu: mbele na nyuma. Halina zipu, halina kola, halina vifungo. Ugumu wake uko kwenye kitambaa. Kinavutika pande zote, na chochote utakachokishonea hapo, iwe uzi au lastiki, kisipovutika pamoja nacho kitakatika au kitakunja nguo. Karibu makosa yote ya wanaoanza chanzo chake ni hicho, ndiyo maana nakushauri usiguse cherehani kabla ya kuelewa kitambaa chako.

Tafuta nailoni yenye spandeksi (nyuzi zinazovutika na kurudi) asilimia 18 hadi 20, uzito wa gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba. Usitegemee lebo peke yake. Weka alama mbili zilizoachana sentimita 10, shika kwenye alama hizo na uvute. Kikifika sentimita 15 bila kulazimishwa, kisha kikarudi 10 papo hapo, kinafaa. Kikibaki 11, kiache dukani, kwani kitalegea makalioni baada ya kuogelea mara chache. Pima kwa upana na kwa urefu, kwa sababu vitambaa vingi huvutika zaidi upande mmoja, na upande huo ndio unaopaswa kuuzunguka mwili. Rangi nyeupe na nyepesi huonyesha mwili zikilowa, kwa hiyo hizo huhitaji bitana mwili mzima. Kama unaogelea mara kwa mara kwenye bwawa lenye klorini, chagua poliesta aina ya PBT, kwa sababu klorini hula spandeksi.

Mita 1 ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150 huwatosha watu wengi, pamoja na bitana kiasi hichohicho. Lastiki nunua mita 4, upana wa milimita 6 hadi 10, na iwe ile iliyotengenezwa kwa nguo za kuogelea. Lastiki ya kawaida ya kiunoni huchoka haraka ikikutana na klorini na chumvi.

Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba hauvutiki vya kutosha, na ukilowa mara kwa mara huoza. Sindano ndiyo sehemu ambayo watu huibania pesa, na wanapoteza. Sindano ya kawaida ina ncha kali inayotoboa nyuzi za spandeksi, na kitambaa hupanda nayo inapopanda, hivyo kitanzi cha uzi hakifanyiki na cherehani huruka mishono. Nunua sindano ya vitambaa vinavyovutika, namba 75/11. Ncha yake ni ya mviringo, hivyo hupita kati ya nyuzi bila kuzikata. Mishono ikiruka, badilisha sindano kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Vipimo. Kifua, kiuno na nyonga kila mtu anavijua. Kinachosahaulika ni mzunguko wa kiwiliwili: anzia katikati ya bega, shuka mbele, pita katikati ya miguu, panda mgongoni hadi pale ulipoanzia. Kipimo hiki ndicho kinachoamua kama vazi litakaa. Likiwa fupi, mikanda hukata mabega na chini hubana, likiwa refu hujikunja tumboni. Linganisha kipimo chako na kile kilichoandikwa kwenye jedwali la pateni, yaani karatasi ya kielelezo unayokatia kitambaa. Ukihitaji kuongeza sentimita 4, usiziweke mahali pamoja. Ongeza 2 mbele na 2 nyuma, na kila 2 uigawe: sentimita 1 juu ya kiuno, 1 chini yake. Usishtuke pia ukipima pateni yenyewe na kuikuta ndogo kuliko mwili wako. Ndivyo inavyotakiwa, maana kitambaa kikivutika ndipo kinashika.

Fua kitambaa kwanza kwa maji baridi. Kabla ya kukata, kiache kimetandazwa usiku mmoja, kwa sababu kilichotoka kwenye gombo bado kimevutwa. Kata tabaka moja moja, na ushikilie pateni kwa vitu vizito badala ya pini. Usiache kitambaa kining'inie pembeni mwa meza, kitajivuta kwa uzito wake na vipande havitalingana.

Sasa jaribu kwenye vipande vilivyobaki. Weka zigizaga (mshono unaokwenda kushoto na kulia) ya upana wa milimita 1 na urefu wa 2 hadi 2.5, shona sentimita 20, kisha uvute mpaka mwisho wa kitambaa. Uzi ukikatika, legeza mkazo wa uzi au ongeza upana kidogo. Kitambaa kikitoka na mawimbi, unakivuta kwa mikono, au mguu wa cherehani unakandamiza kupita kiasi. Punguza mkandamizo huo kama cherehani lako lina kirekebishi. Kikimezwa na tundu la sindano la cherehani mwanzoni mwa mshono, anza juu ya kitambaa kidogo cha ziada na ushikilie ncha za uzi sekunde chache.

Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kuunganisha bitana na kitambaa kikuu pembezoni, vipande viwili viwe kama kimoja. Shona mshono wa katikati ya miguu, kisha mabega, kisha pembeni. Kila mshono upite mara mbili, wa pili zigizaga pana zaidi karibu na ukingo. Jaribu kulivaa hapo. Matundu ya shingo, mikono na miguu yatakuwa wazi na yamelegea, hilo ni kawaida, wewe angalia urefu na upana tu.

Lastiki ndiyo inayotofautisha vazi lililokaa vizuri na linaloonekana kama limefuliwa mara kumi. Kwenye shingo na mikono, kata iwe fupi kuliko tundu kwa asilimia 5. Kwenye mguu, mbele iwe sawa na tundu, lakini nyuma iwe fupi sentimita 2 hadi 3, ili ishike chini ya makalio. Ukiipunguza pande zote sawasawa itakata paja mbele na bado italegea nyuma. Unganisha ncha za lastiki kwa kuzipandanisha sentimita 1. Ugawe mzunguko wa shingo na wa mikono mara nne, pia lastiki yake, na uoanishe alama. Kwenye mguu, oanisha mbele na nyuma kila upande peke yake. Iweke upande wa ndani, sawa na ukingo, na ushone zigizaga ya upana wa milimita 3 na urefu wa 2.5. Vuta lastiki peke yake, kitambaa ukiongoze tu. Kisha kunja ukingo ndani kwa upana wa lastiki na upite tena kwa zigizaga ya upana wa 4 na urefu wa 3, ukivuta kidogo.

Pasi usiiguse, au iwe baridi sana juu ya kitambaa cha pamba, kwani nailoni huyeyuka. Baada ya kuogelea, lisuuze kwa maji baridi, likamue kwa kulibonyeza bila kulisokota, na ulianike kivulini.