Mchwa, bungua na oli chafu: tunayoambizana Lamu kuhusu dawa za mbao

Kwa miezi kadhaa shangazi yangu alikuwa akifagia mchanga chini ya kitanda chake kila asubuhi. Nyumba iko Mkomani, kuta za mawe ya matumbawe, dari ya boriti, na yeye hakuwa na shaka mchanga ule unatoka wapi: darini, chokaa imechoka. Alikwisha kuanza kuulizia fundi wa lipu. Nikamwomba asifagie siku mbili, nikatandaza karatasi nyeusi chini ya kila mguu wa kitanda. Siku ya tatu karatasi tatu zilikuwa safi. Ya nne ilikuwa na kijilima cha chembe za kahawia, ndogo kuliko ufuta. Tukazitazama kwa lenzi: kila chembe ina pande sita, utadhani imechongwa. Mchanga hauko hivyo. Yale yalikuwa mavi ya mchwa.

Nikaugonga mguu ule kwa mpini wa kisu, ukalia kama kopo tupu. Mingine mitatu ililia kama mti.

Mimi ni seremala, kazi yangu zaidi ni kukarabati kuliko kuunda, na nusu ya maneno ninayoyasikia kwa wateja kuhusu wadudu wa mbao si kweli. Mengine nilikuwa nayaamini mwenyewe.

“Mchwa ni mchwa, dawa ni moja”

Hili ndilo linalokula pesa za watu. Nyumba za huku huliwa na wadudu wa namna tatu, na tabia zao hazifanani.

Wa kwanza ni mchwa wa ardhini. Makao yake ni udongoni, na mwili wake laini hauwezi hewa kavu, kwa hiyo akipanda ukutani hujijengea kinjia cha udongo chenye unene wa penseli. Kivunje kinjia hicho kipande kidogo, urudi baada ya siku chache. Ukikuta kimezibwa, jua wamo kazini.

Wa pili ni mchwa wa mbao kavu, huyu wa shangazi. Hahitaji ardhi. Unyevu mdogo uliomo ndani ya mbao, na hewa hii yetu ya bahari, vyamtosha. Huingia wawili wawili kwenye ufa wa mguu wa kiti au nyuma ya kabati, wakazaliana humo miaka bila mwenye nyumba kujua, mpaka siku ataona chembe wanazozisukuma nje kupitia kitundu kidogo.

Wa tatu si mchwa kabisa. Ni bungua, yaani mbawakawa mdogo ambaye funza wake hula mbao kwa ndani, na akikomaa hutoboa njia ya kutokea. Huacha tundu la duara na unga laini mfano wa poda ya mtoto.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, angalia kilichoanguka sakafuni. Udongo ni wa ardhini, chembe ngumu ni za mbao kavu, unga ni wa bungua. Jirani mmoja alilipa msingi wote wa nyumba unyunyiziwe dawa, na waliokuwa wakila walikuwa kwenye kabati, ghorofa ya pili. Kafunga mlango wa mbele na mwizi yumo uvunguni.

Na dawa ya msingini ina jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: kisima. Mji huu unategemea maji yaliyo chini ya mchanga, yale ya vilima vya Shela na ya visima vya majumbani. Dawa ya kumwaga ardhini isikaribie kisima, na anayekuja kuimwaga umwonyeshe kisima kilipo kabla hajafungua dumu.

“Nyumba ya mawe hailiwi”

Mawe hayaliwi, ni kweli. Lakini ukuta wa kale wa Lamu ni matumbawe na chokaa, na katikati yake mna kifusi na mapengo. Kwa mchwa wa ardhini huo ni uchochoro kama vichochoro vyetu vya mtaani. Hupita ndani kwa ndani, asionekane na mtu, mpaka kwenye ncha ya boriti pale inapolala ukutani.

Na ncha ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Vyumba vyetu ni vyembamba, kwa kawaida chini ya mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana. Uzito wote wa dari umekalia ncha mbili. Boriti inaweza kuonekana nzima katikati, imepakwa rangi nyekundu na nyeusi vizuri, na ncha zake zimekuwa uji. Chukua bisibisi uichome ncha kwa upole: ikizama bila kushindana, usimlaze mtu chumba hicho.

Simenti imezidisha tabu. Chokaa hupitisha unyevu, huingia na kutoka. Ukikandika simenti juu yake, unyevu hufungiwa ndani, ncha za boriti hulowa, kuvu huzilainisha, na mchwa wa ardhini hakuna anachokipenda kama mbao iliyokwisha kulainishwa. Nimeitwa mara nyingi kuja kutia dawa, nikakuta kinachohitajika kwanza ni kuziba mfereji wa paa unaovuja na kubandua simenti.

“Mbambakofi haugusiki”

Milango ya mbambakofi tunayoisifia ni ile iliyobaki. Iliyoliwa hatuioni, kwa hiyo hatuihesabu.

Ugumu hasa uko kwenye kiini cha mti, mbao ile nyekundu ya ndani, ambayo mti wenyewe umeitia kemikali za kujilinda. Ile nyeupe ya nje, iliyo karibu na gome, ina wanga na sukari, nayo huliwa hata kama mti ni mbambakofi au msaji. Mafundi wa zamani walikuwa wakiichonga na kuitupa. Siku hizi mbao ni ghali, na weupe huachwa ili ubao ufikie upana, kisha hupakwa rangi mnunuzi asiuone. Ukinunua kitanda, kigeuze, tazama upande ambao haujapakwa rangi.

Mwembe ni habari nyingine. Ni mbao nzuri kufanyia kazi, lakini hauna kiini cha kujilinda. Ukiuweka ndani bila dawa, ni karamu.

“Ulowekwe mai ya pwani, hauliwi na kitu”

Maneno haya ni ya wazee wetu, na nayapinga kwa adabu kwa sababu nusu yake ni kweli. Mti ukilowekwa baharini kwa wiki kadhaa, wanga na utomvu huyeyuka na kutoka, na bungua wengi hufuata wanga. Ndiyo sababu miti iliyolowekwa, ikamenywa gome na kukaushwa kivulini haitobolewi upesi. Lakini mchwa hafuati wanga peke yake, hula mbao yenyewe. Chumvi iliyobaki haimzuii, tena huvuta unyevu hewani siku za mvua.

Hata mabaharia hawakuiachia bahari kazi hiyo. Majahazi hupakwa deheni chini, shahamu na chokaa, na sifa, yaani mafuta ya papa, juu. Maji ya chumvi yangetosha, nani angejisumbua na harufu ile?

“Oli chafu ndiyo kiboko yao”

Hapa nina ushahidi wa nafsi yangu. Nilikuwa kijana, nikapewa kazi ya banda shambani, nguzo nane. Nikachukua oli iliyokwisha kutumika kwenye injini za mashua, nikazipaka mara tatu mpaka zikang'aa kama zimevaa viatu. Masika ya pili mwenye shamba akaniita. Akaisukuma nguzo moja kwa mguu tu, ikakatika usawa wa ardhi. Nje ilikuwa nyeusi, nzima. Ndani ilikuwa tupu kama zumari.

Oli haizami. Hukaa juu, milimita moja au mbili, na nguzo ikipasuka kwa jua mchwa hupitia ufa au huingilia chini kwenye kichwa cha nguzo, yaani pale ilipokatwa, mahali ambapo brashi haikufika. Kilichobaki ni madhara: oli ya injini iliyotumika ina metali na kemikali zinazosababisha saratani, nazo hushuka udongoni na kushika mikono ya watoto wanaoegemea nguzo. Ndani ya nyumba sina hata maneno.

Mafuta ya taa na petroli huua mdudu yanayemgusa, kisha hupeperuka, na baada ya siku chache mbao iko kama ilivyokuwa. Kuna mtu hudunga petroli kwenye matundu ya kabati la jikoni, hatua mbili kutoka kwenye jiko. Huyo akiunguza mtaa mzima kwa sababu ya bungua tutasema nini?

“Dawa isiyonuka si dawa”

Dawa ninayoitumia zaidi ndani ya nyumba haina harufu wala rangi: boraksi na asidi ya boriki. Mafungu matatu ya boraksi kwa mawili ya asidi, kilo moja ya mchanganyiko katika lita tisa za maji ya moto, koroga mpaka iyeyuke. Paka mara mbili tatu mbao ikiwa bado haijapata vanishi, ukizidisha kwenye vichwa vya mbao na maungio. Mdudu akila mbao hiyo hufa, si siku hiyo, polepole.

Inavyofanya kazi ndiyo hunipendeza: husafiri ndani kufuata unyevu wa mbao, haikai juu kama oli. Udhaifu wake ni huohuo. Mvua huiosha, kwa hiyo ni ya ndani, au ya nje iliyofunikwa vizuri kwa rangi. Na haipiti kwenye vanishi. Kitanda cha shangazi ilinibidi niukwangue mguu mpaka mbao tupu, nikadunga dawa kwa sindano kwenye kila kitundu, kisha nikaziba kwa nta. Si sumu kali kwa binadamu, lakini si ya kunywa, basi isitiwe kwenye chupa ya soda.

Mlango wa nakshi wa kale usiuguse kwa dawa yoyote kabla hujazungumza na watu wa makumbusho. Mji umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001, na milango ndiyo uso wake.

Wako wanaosikitikia dawa kali za zamani, aldrini na dildrini. Ziliua mchwa kweli, miaka na miaka, na hilo ndilo lililoziponza: hazikuoza udongoni, zikapanda kwenye mafuta ya mwili na maziwa ya mama. Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulizipiga marufuku. Ukiuziwa kitu kisicho na lebo wala namba ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za wadudu, kirudishe.

Hata zilizosajiliwa zina masharti yake. Permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za mbao, ni sumu kwa paka, na huu ni mji wa paka. Mfungie nje mpaka ikauke kabisa. Brashi usiisuuze ufuoni pia, kwa sababu dawa za jamii hiyo huua samaki na kamba kwa kiasi kidogo sana.

“Mbao ya kijani imeshatiwa dawa”

Mbao za saiprasi na paini zinazovushwa kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, mara nyingine huwa za kijani. Kijani cha kweli ni dawa ya shaba, kromiamu na aseniki iliyosukumwa ndani kwa mashine ya shinikizo. Kijani cha uongo ni kuchovya tu. Kata kichwa cha ubao uangalie: rangi ikiishia kwenye ngozi, umeuziwa rangi. Na hata ile ya kweli, ukiikata umefungua mlango, upake dawa kichwa kipya na usikifukie ardhini. Makombo yake yasiingie jikoni hata siku moja. Aseniki haiungui ikaisha, hubaki kwenye jivu na kupanda na moshi.

“Anika juani, watatoka”

Hawatoki, husogea ndani. Kuwaua kwa joto, mbao inatakiwa kufika kama nyuzi 56 mpaka katikati kwa nusu saa, na jua peke yake hulipasha ganda. Kitu chembamba kilichofungwa kwenye nailoni nyeusi hufika, mguu mnene haufiki. Kwa kijisanduku cha nakshi mimi hutumia friza ya wavuvi: kifunge kwenye mifuko miwili, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili, ukitoe na kukiacha kimefungwa hivyo hivyo mpaka kipate joto. Mwenye friza atakucheka. Mwache acheke.

“Kumbikumbi ni wa mvua tu”

Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa waliotoka kuoana. Wanaoijia taa kutoka nje baada ya mvua wengi ni wa porini, hawana habari na kabati lako. Ila ukikuta mbawa zimelundikana dirishani kwa ndani na madirisha yalikuwa yamefungwa, wametoka humo humo nyumbani. (Na si jamaa wa sisimizi. Wataalamu wanawaweka ukoo mmoja na mende.)

“Mara moja, basi”

Ile karatasi nyeusi ya shangazi sikuiondoa. Miezi minne haikuwa na kitu, tukapongezana. Ijumaa iliyopita, baada ya mvua, akaniita: chembe saba, amezihesabu mwenyewe, mguu uleule, upande wa ukutani ambako sindano yangu haikufika. Kesho nakivuta kitanda katikati ya chumba.