Kapata vyote, hajaelewa neno: dhana potofu kuhusu kupima ufahamu wa Kiingereza sekondari

Kuna kauli inayosikika katika ofisi za walimu kuanzia Mikindani hadi Liwale kila alama za ufahamu zinapojumlishwa: "Hawa kwenye kusoma hawana shida, shida yao ni insha." Unaoneshwa na karatasi: saba kwa kumi, nane kwa kumi. Wiki mbili baadaye mwanafunzi yuleyule amekaa mbele ya kitabu cha Biolojia na hawezi kusema aya moja inazungumzia nini. Walimu wanashangaa, wengine wanasema mtoto mvivu. Mtoto si mvivu. Karatasi ile haikupima ufahamu.

"Amejibu sahihi, basi ameelewa"

Soma sentensi hii:

*The old mirbo strelled along the quade because his plenk was drimmed.*

Sasa jibu maswali matatu. *Who strelled along the quade? Where did the old mirbo strell? Why did he strell along the quade?*

Majibu: *The old mirbo. Along the quade. Because his plenk was drimmed.* Tatu kwa tatu. Wala hakuna anayejua kama mirbo ni mnyama, ni mzee wa kijiji au ni chombo cha baharini, kwa kuwa neno hilo halipo. Limebuniwa hapa, pamoja na mengine manne ndani ya sentensi hiyo. Kilichofanya kazi ni macho tu. Msomaji anachukua neno la kwenye swali, analitafuta kwenye kifungu, akilipata ananakili kipande kilichobaki. *Who* anaijibu kwa mwanzo wa sentensi, *where* kwa kipande chenye *along* au *at*, *why* kwa chochote kinachofuata *because*. Hata hilo swali la *why*, ambalo wengi hulipa alama nyingi wakiamini linachimba fikra, limejibika bila kujua lolote.

Wanafunzi wetu wanaijua njia hii, na haifai kuwalaumu. Mtoto aliyesomeshwa masomo yote kwa Kiswahili shule ya msingi anaingia Kidato cha Kwanza, anapitishwa kwenye kozi ya awali ya Kiingereza ya wiki chache, kisha anatakiwa asome Historia na Fizikia kwa Kiingereza. Anajiokoa kwa alichonacho. Wa kubadilika ni mtunga maswali.

Tazama kifungu hiki cha maneno 29 tu:

*Salum did not sell his cashew nuts until the third auction. His brother, who had sold at the first, laughed at him in October. In December he stopped laughing.*

Swali lililozoeleka: *When did Salum sell his cashew nuts?* Jibu la kunakili: *Until the third auction.* Wengi wanatia tiki. Lakini aliyeandika *until* huenda anaamini kabisa kwamba Salum hakuuza, maana ameona *did not sell*. Mwulize kwa mdomo: "Salum aliuza, hakuuza?" Utapata jibu litakalokuonesha tiki yako ilikuwa na thamani gani.

Sasa weka maswali haya. *Did Salum sell his nuts in the end?* Hapa asijibu ndiyo au hapana pekee, ataje neno lililomwonesha. *Who stopped laughing in December?* Kwenye mstari kuna *he* tu, na mwenye kukisia atasema Salum kwa sababu ndilo jina pekee lililoandikwa. *Who got the better price, and how do you know?* Neno *price* halimo kwenye kifungu, kwa hiyo hakuna mstari wa kunakili. Aliyeelewa atasema bei ilipanda kadiri minada ilivyosonga, ndiyo maana kicheko cha yule ndugu kikakatika. Huyo amesoma. Hata akiandika *price is go up so brother not laugh*, amesoma.

Kabla ya kupeleka maswali kwenye mashine ya kurudufu, pigia mstari kila neno la swali ambalo limo pia kwenye sentensi yenye jibu. Ukikuta maneno mawili ya maana yamelingana (si *the* na *of*), swali hilo ni la kuokota, ligeuze maneno. Katika maswali kumi, ya kuokota yasizidi matatu. Manne yamlazimishe mwanafunzi kuunganisha sentensi mbili au zaidi, mawili yaulize *he*, *it*, *this* au *they* inamrejelea nani, na moja lidai hoja. Halafu, katika mwongozo wa usahihishaji, kando ya jibu sahihi andika lile jibu la kunakili unalolitarajia na alama yake, ambayo ni sifuri. Liandike kabla hujaona karatasi yoyote, maana ukishafika karatasi ya arobaini huruma na uchovu vitakuamulia.

"Kuwaruhusu wajibu kwa Kiswahili ni kuwadekeza"

Wanaosema hivi wanachanganya kazi mbili. Mtihani wa Baraza la Mitihani unampa mtahiniwa daraja, na hapo Kiingereza hujibiwa kwa Kiingereza, hakuna anayepinga. Jaribio lako la darasani la mwezi wa tatu kazi yake ni kukuambia ufundishe nini mwezi wa nne. Ukimtaka mtoto asome kwa Kiingereza na aandike kwa Kiingereza, akapata mbili, hujui kama ameshindwa kusoma au ameshindwa kuandika. Umepoteza jaribio.

Ili ujue, chagua wanafunzi tisa: watatu wa juu, watatu wa kati, watatu wa chini. Andaa vifungu vitatu vya urefu na ugumu unaokaribiana, kila kimoja maneno kama 120 na maswali matano. Usitumie kifungu kimoja mara tatu, atakuwa amekikariri. Cha kwanza asome na ajibu kwa Kiingereza. Cha pili asome Kiingereza, lakini maswali na majibu yawe kwa Kiswahili, kwa mdomo. Cha tatu msomee wewe tafsiri ya Kiswahili, naye ajibu kwa Kiswahili. Dakika kumi na tano kwa kila mmoja zinatosha.

Aliyepata moja kwenye cha kwanza na nne kwenye cha pili anaelewa anachosoma. Mfundishe kuandika jibu, usimrudishe kwenye vifungu vya Kidato cha Kwanza. Aliyeanguka viwili vya kwanza akapanda cha tatu anakosa Kiingereza chenyewe. Na aliyeanguka vyote vitatu, hata kwa Kiswahili, ama hajazoea kusikiliza habari na kuiunganisha, ama maswali yako ni mabaya. Ukiona hata wale watatu wa juu wameanguka cha tatu, chunguza maswali yako kwanza.

Vilevile acheni kukata alama za sarufi kwenye ufahamu. Sarufi ina sehemu yake kwenye karatasi.

"Anasoma Kiingereza kama maji"

Hii ni ya wazazi zaidi. Baba anamsikia binti yake akisoma ukurasa mzima bila kukwama, anaridhika. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, ambacho kinaandikwa kama kinavyotamkwa, anaweza kuyasoma maneno mengi ya Kiingereza kwa sauti bila kujua maana ya nusu yake. Mwaka 1986 watafiti Gough na Tunmer waliliweka jambo hili kama hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kutambua maneno mara uwezo wa kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, zao ni sifuri.

Kinyume chake nacho ni kweli. Mwanafunzi anayetamka *road* kama *load*, jambo la kawaida kwa wenye lugha za nyumbani zisizotenganisha r na l, hajakosea kusoma ikiwa anajua ni barabara. Usimkate hata nusu alama.

"Shida yao ni msamiati tu"

Msamiati ni shida, na ina kipimo. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionesha kwamba ili msomaji aelewe hadithi bila msaada anahitaji kujua takribani asilimia 98 ya maneno yake, yaani neno moja geni katika kila 50. Kwa hiyo kifungu cha maneno 300 chenye maneno mageni 30 hakipimi ufahamu, kinapima ujasiri wa kukisia. Wape aya ya maneno 100 wapigie mstari wasiyoyajua. Yakizidi matano kwa wanafunzi wengi, tafuta kifungu kingine. Wale wanaoamini kifungu kigumu ndicho kinachopima vizuri wanapata darasa zima lenye alama mbili, na alama zilizolingana hazimtofautishi yeyote.

Ila hiyo "tu" ndiyo yenye makosa. Kifungu cha Salum hakina neno gumu zaidi ya *auction*. Angalia na hii: *The sack did not fit in the canoe because it was too small.* Ni nini kilichokuwa kidogo? Kwa Kiswahili swali halipo: gunia lingekuwa *lilikuwa*, mtumbwi ungekuwa *ulikuwa*, ngeli imekwisha kukujibu. Kiingereza kimetupa *it* kwa vyote viwili, na msomaji lazima atumie akili kuona kwamba gunia dogo lingeenea. Kwenye *he* na *she* inatokea kinyume: Kiingereza kinatofautisha, sisi tuna *a-* moja, kwa hiyo macho ya mtoto yanairuka ishara hiyo kana kwamba haipo. Hili ni la kufundishwa waziwazi, kwa mishale ya kalamu kutoka *it* kurudi kwenye nomino yake, sentensi tano kila kipindi. Halimo kwenye orodha ya maneno ya kukariri.

"Tukiweka korosho, tumetenda haki"

Nia ni njema. Kifungu cha treni za chini ya ardhi hakimfai mtoto wa Tandahimba. Lakini mwulize mtoto huyohuyo *Why do farmers dust the trees with sulphur?* na atajibu ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kabla hajafungua karatasi. Salfa ameibeba mwenyewe. Umepima shamba la baba yake. Hali kadhalika kifungu cha mifupa ya mjusi mkubwa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913: ukiuliza iko mji gani leo, wa Lindi aliyekwisha kusikia ataandika Berlin bila kusoma.

Dawa yake ni kutoa maswali bila kifungu kwa wanafunzi kumi wa darasa jingine. Swali la kuchagua lenye majibu manne, kwa kubahatisha tu watapata wawili au watatu. Wakipata sita, swali hilo litupwe. Mazingira ya nyumbani yabaki, lakini habari iwe ya kubuni: Salum fulani, mnada fulani, jambo ambalo hakuna awezaye kulijua pasipo kusoma.

"Walioshindwa wengi, swali lilikuwa zuri"

Hapana. Katika darasa la 60, panga karatasi kwa jumla ya alama, chukua 16 za juu na 16 za chini. Wa juu 14 wamepata swali la tano, wa chini wanne: toa, gawa kwa 16, unapata 0.63. Swali hilo linawatenganisha wa juu na wa chini. Chini ya 0.3 litiliwe shaka. Likitoka hasi, yaani wa chini wamepata kuliko wa juu, basi jibu lako la mwongozo lina kosa au kuna majibu mawili sahihi.

"Kujaza nafasi ni zoezi la sarufi"

Zikichaguliwa nafasi, ndiyo. Zikifutwa kwa kuhesabu, hapana. Njia hii aliibuni Wilson Taylor huko Marekani mwaka 1953. Chukua kifungu cha maneno yapatayo 300 ambacho hawajakiona. Acha sentensi ya kwanza na ya mwisho zima. Katikati futa kila neno la saba bila kubagua, hata likiwa *a*. Mistari ya nafasi iwe na urefu mmoja, na usiwape orodha ya maneno ya kuchagua. Kubali neno lolote linaloleta maana na sarufi. Amua hivyo kwa darasa zima, si kwa unayempenda.

Mipaka ya asilimia 44 na 57 inayotajwa kwenye vitabu, ya kuamua kama kifungu kinamfaa msomaji, ilitokana na watoto wa Marekani waliokuwa wakisoma lugha yao, kila neno la tano likifutwa na neno lilelile tu likikubaliwa. Usiibandike kwenye ubao wa matangazo wa shule ya Nachingwea. Itumie njia hii kulinganisha ukurasa wa kitabu cha Jiografia na ukurasa wa kitabu cha Kiingereza kwa darasa moja, ndipo utaona wapi wanazama.

Na kabla ya kujumlisha, tenganisha nafasi zilizokoswa. Anayekosa *the* na *of* apelekwe kwenye sarufi. Anayekosa *but*, *so*, *they* na *it* anasoma sentensi mojamoja bila kuziunganisha, na mara nyingi ndiye yule uliyekuwa ukimpa nane kwa kumi. Huyo anza naye kwa mishale ya kalamu.