Je, wajua kwa nini ziwa limetulia katikati ya dhoruba katika mchoro wa Poussin?

Katika jumba la makumbusho la Städel, mjini Frankfurt, Ujerumani, umo mchoro mkubwa wa mwaka 1651 ambao Nicolas Poussin, Mfaransa aliyeishi Roma, aliuchora kwa ajili ya mfadhili wake, Cassiano dal Pozzo. Mbele kabisa kijana amelala maiti, na msichana anamkimbilia huku amenyoosha mikono. Hao ni Pyramus na Thisbe.

Kisa chao alikisimulia Ovid, mshairi wa Kirumi. Walikuwa majirani huko Babeli, na kwa kuwa baba zao waliwakatalia kuoana, walinong'onezana kupitia ufa wa ukuta hadi wakaahidiana kukutana usiku chini ya mforosadi. Thisbe alitangulia, akamwona simba jike mwenye damu mdomoni, akakimbia na kuangusha shela yake. Pyramus alipoiokota imeraruka na kulowa damu, aliamini mpenzi wake ameliwa, akajichoma upanga. Thisbe aliporudi akajiua kwa upanga uleule. Tangu hapo, asema Ovid, forosadi zilizokuwa nyeupe zikawa na rangi ya damu.

Poussin hakuutegemea mti huo. Usiku wa Ovid ulikuwa wa mbalamwezi, lakini yeye ameleta radi, vumbi na upepo unaopinda miti. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake, mchoraji Jacques Stella, alieleza jinsi alivyowachora watu, wengine wakikimbia kuufuata upepo, wengine wakienda kwa shida dhidi yake huku wameziba macho kwa mikono. Dhoruba hiyo, basi, ni msukosuko wa mapenzi yenyewe, uliotoka vifuani mwa wawili hao ukaenea nchi nzima.

Ila katikati ya mchoro kuna ziwa, nalo halina hata wimbi dogo. Wapo wataalamu wanaolihusisha na mafundisho ya Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, ambayo Poussin aliyathamini, kwamba mwenye hekima hubaki mtulivu hata dunia ikichafuka. Maelezo hayo yana nguvu, lakini naona utulivu huo ni mkali zaidi ya hekima: maji hayajui kwamba Thisbe analia. Hata wachungaji walio nyuma yake wanahangaika na simba aliyevamia mifugo yao, na msiba wa wapenzi hao unapita bila shahidi.