Themostati si ya nchi za baridi tu

"Dar kuna joto, themostati ni ya Ulaya. Mwambie fundi aitoe, gari halitachemsha tena." Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu, hasa ya walionunua BMW au Mercedes-Benz ya zamani kwa bei ya kutupa. Si kweli.

Themostati ni kijilango cha maji kati ya injini na rejeta, inayoyapoza. Injini ikiwa baridi hufunga. Ikipata moto hufunguka, nyingi kati ya nyuzi 80 na 100. Injini imeundwa kufanya kazi kwenye joto hilo, iwe Berlin au Mbagala. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaongeza petroli na unyevu unabaki kwenye oili. Kuna injini ambazo, bila themostati, sehemu ya maji ya moto hurudi ndani bila kupita kwenye rejeta. Hapo gari linaweza kuchemsha vizuri tu kwenye foleni ya Ubungo!

Mkanganyiko unaeleweka. Themostati iliyokwama ikiwa imefunga huchemsha gari kweli, na ikitolewa mshale wa joto unashuka. Ila dawa ni kufunga nyingine nzima, kisha kukagua rejeta, feni na pampu ya maji.

Ya kawaida unaipima jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Isipofunguka, imekufa. Zile za umeme mwachie fundi mwenye mashine ya kupimia.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali uishie kwako.