Karantini si kutengwa

Fomu ya kuomba picha ya kifua inafika kitengo cha eksirei, pembeni imeandikwa "mgonjwa wa karantini". Mtaalamu wa mionzi hapo hajui aende wapi wala avae nini.

Karantini ni ya aliyetangamana na mgonjwa lakini mwenyewe haumwi. Anayetengwa ni mgonjwa, au mhisiwa mwenye dalili.

Historia ya neno inalionyesha hilo. Asili yake ni Kiitaliano, quaranta, yaani arobaini. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, siku hizi Dubrovnik nchini Kroatia, uliagiza wanaotoka sehemu zenye tauni wakae nje ya mji siku 30. Baadaye zikawa 40, na jina likaganda hapo. Wale hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakiangaliwa kama wataugua. Ndiyo maana karantini huhesabiwa siku: kwa Marburg, homa kali ya virusi iliyozuka Kagera mwaka 2023, ni 21 tangu kutangamana kwa mwisho. Aliyetengwa hangoji hesabu hiyo, anangoja apone na vipimo vithibitishe. Kutenga ni neno letu wenyewe, kuweka kando, na ndilo lililozaa hata hicho "kitengo" cha eksirei.

Kwenye eksirei tofauti hii ni kazi mbili kabisa. Aliyetangamana, siku ya 5, hana homa wala dalili, akivunjika mkono hupimwa joto kwanza, kisha hupigwa picha chumba kilekile cha kila siku, kwa sababu Marburg haiambukizi kabla ya dalili. Aliyetengwa hasogezwi, mashine ya magurudumu ndiyo inayomfuata. Wanaenda wataalamu wawili. Aproni ya madini ya risasi, inayozuia mionzi, huvaliwa ndani, chini ya mavazi ya kujikinga, na kaseti, bamba la kunasia picha, hutiwa kwenye mifuko miwili ya plastiki. Mmoja humweka mgonjwa sawa na kuingiza kaseti mgongoni. Mwenzake anashika mashine tu. Wakati wa kutoka, wa kwanza hufungua mfuko wa nje, wa pili huvuta ule wa ndani bila kugusa wa nje. Mashine hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa anayoikubali mtengenezaji. Kuipulizia klorini ya asilimia 0.5 ni kuiua: maji hupenya kwenye swichi, na klorini hula chuma.

Basi, daktari, andika "ametengwa, mhisiwa wa Marburg" au "ametangamana, siku ya 5, hana dalili". Pale pembeni panatosha.