Mbio za mteremko zinaamuliwa pale vidole vinapoachia breki

Simama pembeni ya kona kali ya mteremko utazame baiskeli mbili zikipita. Ya kwanza inatimua vumbi, tairi la nyuma linaserereka, watazamaji wanashangilia. Ya pili inapita kimya, magurudumu yakizunguka muda wote, na hakuna anayeishangaa. Saa itampa ushindi huyo wa pili. Wa kwanza alifunga breki ndani ya kona, na mwendo alioupoteza pale atautafuta mita 50 au 100 zinazofuata.

Kwa maoni yangu mbio hizi, ambazo kwa kawaida huchukua dakika 2 hadi 5, ni shindano la kuachia breki. Kila kipuri, kila zoezi na kila mtu wa timu nampima kwa swali moja: je, anamsaidia mwendeshaji kuchelewa kushika breki, kuishika kwa muda mfupi na kuiachia mapema? Mwaka 2015 huko Leogang, Austria, mnyororo wa Mmarekani Aaron Gwin ulikatika palepale alipoanza. Alishuka njia nzima bila kuweza kusukuma pedeli, akashinda mbio za Kombe la Dunia. Pedeli zina kazi yake mwanzoni na kwenye sehemu tambarare, sibishi. Lakini siku ile ilionyesha wazi kasi ya mteremko inatoka wapi: inatoka kwenye kuutunza mwendo ambao mlima umeshakupa.

Tuanze na breki zenyewe, kwa sababu hapa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ndizo zinazopuuzwa kuliko kitu chochote. Chukua mwendeshaji wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 17. Wakishuka kimo cha mita 400, nishati inayopaswa kwenda mahali fulani ni karibu kilojuli 340, inayotosha kuchemsha lita nzima ya maji ya baridi. Upepo, matairi na shokapu vinachukua sehemu yake, na inayobaki inaingia kwenye diski mbili nyembamba za chuma. Diski ya kipenyo cha milimita 160 iliyokuja na baiskeli ya mtumba haijatengenezwa kwa kazi hiyo. Weka milimita 200 mbele, na 180 au 200 nyuma, ukihakikisha kwanza fremu na shokapu ya mbele vinaruhusu kipimo hicho. Diski kubwa inabeba joto zaidi, na inahitaji nguvu ndogo ya kidole kwa breki ileile.

Mafuta ya breki ndiyo yanayoua breki nyingi. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM zinatumia DOT, yaani mafuta ya breki kama ya pikipiki, ingawa baadhi ya aina zao mpya zimehamia mafuta ya madini, kwa hiyo soma maandishi kwenye leva, yaani mkono wa breki, kabla ya kufungua chochote. DOT 4 inauzwa kila duka la vipuri vya pikipiki, na kishawishi cha kuimimina popote ni kikubwa. Ikiingia kwenye breki ya mafuta ya madini inaharibu sili za mpira, pistoni zinakwama, na breki hiyo hairudi tena. Hata pale inapostahili, DOT inanyonya unyevu wa hewa na kiwango chake cha kuchemka kinashuka. Ibadilishe angalau mara moja kwa mwaka, na chupa iliyokaa wazi msimu mzima wa mvua usiitumie.

Breki ikikulegea, dalili zinakuambia kosa lilipo. Leva ikiwa laini tangu juu kabla hujaanza kushuka, kuna upepo ndani ya bomba, utoe. Ikiwa ngumu juu kisha inaanza kuzama hadi kwenye usukani katikati ya njia, mafuta yanachemka: ama yamezeeka, ama mwendeshaji anaburuza breki muda wote. Ikiwa leva imekaza vizuri lakini baiskeli haisimami, tatizo ni pedi. Zimeungua uso, au zimegusa mafuta. Mafuta ya kupulizia mnyororo yakirukia diski mara moja tu, pedi hizo zimekwisha. Pedi mpya nazo zinahitaji kuzoeshwa diski: kwenye mteremko mwepesi, punguza kutoka mwendo wa kilomita 20 kwa saa hadi mwendo wa kutembea, mara 20, bila kufunga gurudumu, kisha mara 10 kutoka kilomita 30. Ukiruka hatua hiyo utapata mlio na nusu ya nguvu.

Leva inashikwa kwa kidole kimoja tu, cha shahada, na vingine vitatu vinabaki kwenye usukani. Sogeza kibano cha leva ndani hadi ncha ya kidole ikae mwisho wa leva, ambapo nguvu ni nyingi zaidi. Mikono inayokaza hadi vidole vinakufa ganzi dakika ya 2 mara nyingi ni matokeo ya leva iliyokaa vibaya, kabla hata hujalaumu mazoezi.

Sasa shokapu. Kwenye baiskeli za mbio hizi gurudumu lina safari, yaani nafasi ya kupanda na kushuka, ya karibu milimita 200 mbele na nyuma, na wengi wanaamini kazi yake ni kulainisha kishindo. Mimi nasema kazi yake ni kuliweka tairi ardhini, kwa sababu tairi lililo hewani halina breki wala kona. Vaa kila kitu utakachovaa siku ya mbio, simama juu ya pedeli mtu akiwa amekushikilia, sogeza pete ya mpira iliyo kwenye nguzo ya shokapu hadi kwenye sili, shuka taratibu, kisha pima. Mbele uzito wako ubonyeze asilimia 15 hadi 20, yaani milimita 30 hadi 40 kati ya 200. Nyuma, karibu asilimia 30 ya mwendo wa shokapu yenyewe.

Baada ya hapo cheza na kasi ya kurudi, yaani jinsi shokapu inavyonyooka baada ya kubonyea. Ikirudi polepole mno, shokapu haijamaliza kunyooka jiwe la pili linapofika. Inazama hatua kwa hatua na mwishoni unapanda kitu kigumu kama hakina shokapu kabisa. Ikirudi haraka mno, nyuma inarusha na kukutanguliza juu ya usukani. Chagua sehemu moja yenye mawe au mizizi mfululizo, ipite mara tatu, geuza kitufe kimoja tu kwa kliki 2 (hatua zake ndogo zinazolia), rudia. Anayegeuza vitufe vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilimsaidia.

Kwa mwenye bajeti ndogo nina msimamo: baiskeli isiyo na shokapu ya nyuma, yenye breki mbili nzuri za haidroliki, ni bora kuliko ya mtumba yenye shokapu mbili zilizochoka. Kabla ya kununua ya mtumba, inua gurudumu la nyuma kwa kushika tandiko. Ukihisi mgongano mdogo, tok, beringi za viungo zimekwisha. Kisha futa vumbi na uchunguze fremu kwa tochi chini ya shingo ya usukani na kila penye weldi karibu na viungo. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuiacha baiskeli hiyo dukani.

Tairi linahitaji upana wa inchi 2.4 hadi 2.5 na kuta nene. Kwa mtu wa kilo 70 anayetumia tairi zisizo na tyubu, anza na psi (kipimo cha presha ya upepo) 23 mbele na 26 nyuma. Pungufu sana, ringi inagonga jiwe na upepo unatoka pembeni kwenye kona. Nyingi sana, tairi linarukaruka na breki haishiki. Na hapa mlima una hesabu yake. Hewa ya Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo tairi lililojazwa psi 24 Dar es Salaam likifika Mbeya geji itasoma zaidi ya 26 bila mtu kuligusa. Ukipanda kutoka mjini hadi karibu na kilele cha mlima Loleza, kwenye mita 2,600, unaongeza psi 1 nyingine na kidogo. Baridi ya asubuhi ya Juni na Julai inavuta upande wa pili: tairi lililojazwa mchana wa nyuzi 25 linapoteza psi 2 na kidogo kwenye nyuzi 5. Ndiyo maana upepo unapimwa pale juu, pa kuanzia, kwa geji ileile kila siku.

Udongo nao unabadilisha kila kitu. Vumbi la volkano la Mbeya mwezi Septemba ni unga juu ya ardhi ngumu, na tairi lenye meno ya pembeni marefu linachimba hadi chini. Likinyeshewa linakuwa utelezi unaojaa katikati ya meno. Hapo meno yaliyoachana ndiyo yanajisafisha. Iringa ni miamba ya matale na mchanga mkavu, ambako mpira laini mbele unalipa. Mufindi, chini ya misonobari, majani yanaficha mizizi, na mizizi iliyolowa haishikiki kwa breki hata kidogo: ivuke kwa pembe mraba, vidole vikiwa vimeachia.

Kuhusu ukubwa wa magurudumu nitakuwa mfupi. Greg Minnaar wa Afrika Kusini alishinda mbio za Kombe la Dunia za Fort William, Scotland, mwaka 2017 kwa inchi 29, na tangu 2019 kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, zinaruhusu 29 mbele na 27.5 nyuma. Mwendeshaji mfupi atafurahia mchanganyiko huo, kwa kuwa tairi la nyuma halimgusi kwenye mteremko mkali. Usiuze breki ili upate magurudumu.

Mwendeshaji mwenyewe anajengwa kwa miguu kwanza. Tembea njia kuanzia juu, kisha geuka uitazame kila sehemu ngumu kutoka chini, maana mawe yanayoficha njia nzuri yanaonekana ukiwa chini. Kwa kila kona tafuta mahali pagumu na pasafi kabla ya kona, ambapo breki itashika kweli. Weka alama ya jiwe hapo. Breki zote mbili zinashikwa kwa nguvu hapo, baiskeli ikiwa imenyooka, na zinaachiwa kabla ya kuilaza. Ukishaimudu, sogeza jiwe nusu mita mbele. Macho yawe kwenye mlango wa kutokea kona. Anayetazama gurudumu la mbele anashika breki kwa hofu, hata pasipo na sababu.

Timu za Kombe la Dunia zina fundi kwa kila mwendeshaji, wataalamu wa shokapu na vifaa vya kurekodi mwendo wake. Timu ya watu wanne Mbeya inaweza kupata sehemu kubwa ya faida hiyo kwa simu mbili na daftari. Gawa njia vipande vitatu. Wapima muda wapigiane simu, mmoja aseme "sasa" gurudumu la mbele linapopita alama. Vidole vya binadamu vinachelewa, kwa hiyo tofauti iliyo chini ya nusu sekunde isihesabiwe hadi irudie mara tatu. Andika psi, kliki, hali ya udongo na muda wa kila kipande. Jumla ya muda peke yake haitakuambia kama tairi jipya lilikusaidia kwenye mawe huku likikuchelewesha kwenye tambarare.

Mtu wa nne akae na filimbi penye makutano. Njia za milima yetu ni njia za watu wenye kuni kichwani, watoto na mifugo, na mwendeshaji asiye na uhakika kama njia iko wazi ataburuza breki, na afanye hivyo. Barabara kuu kama Kitonga si mahali pa mazoezi kamwe. Kofia ngumu inayofunika hadi kidevu na kinga za magoti ni lazima hata kwa kushuka mara moja.

Kati ya kushuka na kushuka, fundi anakagua unene wa pedi, anagusa kila spoku, na anapima bolti za usukani kwa spana ya toki, inayoonyesha nguvu ya kukaza, Nm 5 hadi 6, au kama ilivyoandikwa kwenye kipuri. Jioni baiskeli inaoshwa kwa ndoo na brashi. Jeti ya kuoshea magari inasukuma maji na mchanga kupita sili hadi kwenye beringi, na wiki mbili baadaye fremu inaanza kugonga. Kila baada ya saa 50 za kutumika, shokapu ya mbele ifunguliwe miguu, isafishwe na kuwekewa mafuta mapya. Wakati wa mvua au wa vumbi zito, fanya hivyo mapema zaidi.