Saksafoni, Spika na Mtunzi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Kazi ya mpiga saksafoni wa muziki mpya imezungukwa na dhana nyingi. Dhana ya kwanza ni kwamba saksafoni ni chombo cha jazi, hivyo anayekipigia muziki mpya wa kumbi za tamasha, ule wa nota zilizoandikwa na sauti za kompyuta, amekihamisha kutoka nyumbani kwake. Kwetu, ambako wengi walikifahamu kama mdomo wa bata kupitia bendi za dansi, dhana hiyo inaeleweka. Hata hivyo, fundi wa Kibelgiji Adolphe Sax alikipatia hataza jijini Paris mwaka 1846, miongo kadhaa kabla jazi haijazaliwa, akilenga okestra na bendi za jeshi. Alikifundisha mwenyewe katika Konsavatori ya Paris, chuo cha muziki, kuanzia 1857 hadi 1870. Kisha darasa likafungwa, lisifunguliwe tena hadi 1942 lilipokabidhiwa mpiga saksafoni Marcel Mule. Kwa maoni yangu, pengo hilo la miaka 72 ndilo linaloeleza mengi kuhusu kazi hii, kwani mpiga fidla hurithi ghala la tungo lililojaa, ilhali mpiga saksafoni hukuta la kwake karibu tupu.

Ndiyo maana si kweli kwamba mpigaji hukaa akisubiri watunzi wamletee nota. Mwanzoni mwa karne ya 20, mpiga saksafoni Elise Hall wa Boston alimlipa mtunzi Mfaransa Claude Debussy amtungie kipande, naye akakikawiza mpaka akafariki mwaka 1918 bila kukamilisha sehemu za okestra, zikamaliziwa na mwenzake. Mpiga saksafoni Mfaransa Jean-Marie Londeix alibahatika zaidi: sonata (kipande cha ala chenye sehemu kadhaa) aliyotungiwa na Mrusi Edison Denisov aliipiga kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1970, na hadi leo ni mtihani wa kila mwanafunzi makini. Londeix huyo huyo alifundisha Bordeaux kwa takriban miaka thelathini, maana jukwaa peke yake haliwalishi wengi.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba milio ya ajabu ya muziki huu ni kelele tu, ambazo yeyote angezitoa kwa kupuliza ovyo. Sivyo. Mpigaji akifunika matundu kwa mpangilio usio wa kawaida, tuseme akiacha moja wazi katikati ya yaliyofungwa, hewa ndani ya bomba hutetema kwa namna zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na noti mbili au zaidi husikika pamoja. Noti hizo hutoka tu iwapo midomo, koo na nguvu ya pumzi vimekubaliana, na vidole vinavyofaa kwenye saksafoni ya alto huenda visifae kabisa kwenye ya tenori. Mpiga saksafoni Mfaransa Daniel Kientzy alizichambua sauti hizo, saksafoni moja baada ya nyingine, akachapisha matokeo yake mwaka 1982. Ama ile mbinu ya kuvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa, inayostaajabiwa kumbini kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi, wapiga zumari wa pwani yetu hawaihitaji kuelezwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba kompyuta humpunguzia mpigaji kazi. Katika kipande kama Thema cha mtunzi Horacio Vaggione, cha mwaka 1985, kilichotungwa kwa ajili ya Kientzy, saksafoni ya besi hupigwa pamoja na utepe uliotengenezwa kwa kompyuta. Utepe haumsubiri mtu, na aliyechelewa kidogo hana mwenzake wa kumfichia kosa. Pale ambapo kompyuta huipokea sauti papo hapo na kuigeuza, mpigaji huongezewa maikrofoni ya kuchunga na mara nyingi pedali ya kukanyaga.

Mfano ninaoupenda ni Dialogue de l'ombre double (Mazungumzo ya kivuli maradufu) cha mtunzi Mfaransa Pierre Boulez, kilichoandikwa mwaka 1985 kwa klarineti na baadaye kufanyiwa toleo la saksafoni. Kabla ya tamasha mpigaji hurekodi sehemu za "kivuli" chake. Usiku wa tamasha hupiga beti zake jukwaani. Zikiisha, taa hufifia, naye husimama kimya huku sauti yake mwenyewe ikizunguka ukumbi kutoka spika moja hadi nyingine, mpaka ifike zamu yake ya kuijibu.